Kalibu

Nilipewa faili moja, mistari elfu tisini,
kwenye chumba cha nyuma, Kamalondo, juu ya duka la betri:
daftari la wafanyakazi wa tanuru la zamani,
limenakiliwa na mtu nisiyemjua
aliyependa mabano ya pembe kuliko bukari.
Kikosi kimefungwa ndani ya kambi, mtu ndani ya kikosi,
jina ndani ya mtu,
na kila mlango uliofunguliwa umefungwa kwa mkwaju wake.
Hakuna rangi. Hakuna jedwali.
Maana tupu, uchi wa mnyama.

"Haya ni mawe," nikamwambia Muteba.
"Basi yayeyushe. Familia zao zinataka kurasa,"
akasema, akashuka kutafuta mafuta ya jenereta.

Sisi wa Lubumbashi tunaona shaba hata isipokuwepo,
nisamehewe. Lakini laha ya mitindo ni kalibu:
unachonga shimo mchangani kabla madini hayajawaka.
Husemi "kwanza hiki, halafu kile."
Unasema: akija <mtu>, mpe safu.
Likija <jina>, likoleze.
Ikija <namba>, isogeze kando, ndogo, ya kijivu,
nayo ionje kukaa pembeni.
Kisha unangoja.
Kilicho na umbo la shimo kitajaa shimo.

Jaribio la kwanza nilimwita <Mtu> kwa herufi kubwa.
Faili linamjua kwa ndogo tu.
Na mashine hii ina kanuni moja ya ajabu:
usichokitengenezea umbo hakipotei,
kinamwagika kilivyo.
Skrini ikajaa majina na miaka yakikanyagana,
MwepuKyungu1938fundiNgoie1941mchukuzi,
mpaka chini, mpaka kidole kikachoka kuteremsha.
Nikacheka. Nikabadilisha herufi moja.
Jedwali likasimama, safu zikanyooka
kama nyumba za kambi zilizopakwa chokaa
siku wageni wanapotarajiwa.

Isipokuwa juu yake, nje ya kila safu,
sentensi moja ilisimama, haina kiti:

Anaimba wakati wa kumimina shaba. Ameonywa mara mbili.

Nikaisaka ndani ya faili. Kulikuwa na <dokezo> moja tu
katika mistari yote elfu tisini. Sikulichongea shimo
kwa kuwa sikujua lipo.
Safu ililikataa, kivinjari kikalitoa nje,
kikaliweka juu ya wote.
Aliyelibeba: namba 4417, Mwilambwe Kyoni, mmiminaji.

Babu yangu.
Ambaye utoto wangu wote nilimsikia akisema
"maji" na "funga mlango."

Nikampigia shangazi Numbi.
"Kuimba? Yule?"
Nikasikia sufuria ikiwekwa chini.
Kisha, polepole: "Wimbo gani?"
Faili halisemi. Vocha ikaisha.

Dawa ipo, naijua: kiolezo kitupu,
mstari mmoja unaojifunga palepale ulipofunguka,
na sentensi itanyamaza, ukurasa utakuwa safi.
Nimeuandika mara moja. Nikautazama.
Hilo lingekuwa onyo la tatu.
Nikaufuta.

Muteba amerudi, ananuka petroli,
anainama juu ya bega langu.
"Hiyo ya juu ni kosa?"
"Ndiyo," nasema. "Bado nalitafuta."